Ganda la Sponji

Gari jeupe liliruka tuta bila kupunguza mwendo.

Shoka naye akaliruka nyuma yake. Yamaha ilipaa, ikatua, ikayumba, ikakaa sawa. Kokoto zilimpiga magotini.

"Kituo, hapa Shoka," alisema kwenye maikrofoni iliyofichwa ndani ya kofia yake. "Niko mkiani kwake. Barabara ya viwandani. Naomba watu wazibe mbele."

Redio ilikoroma.

"Shoka, hapa Kituo. Liache."

Alidhani hakusikia vizuri.

"Rudia."

"Liache gari. Lina kibali cha Wizara ya Afya. Hiyo ni amri."

Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa karibu kiasi cha kuugusa. Uliandikwa kwa rangi ya bluu: MSAADA WA VIFAA TIBA. Kichwa kilimwambia atii. Mkono haukusikia. Uliingia mfukoni, ukatoa kidude cheusi chenye sumaku, kidogo kuliko kizibo cha soda. Akakaza mafuta, akajisogeza, akakibandika chini ya bampa.

Kisha akafunga breki.

Gari likatokomea nyuma ya lori la mchanga. Shoka alibaki kando ya barabara, mguu mmoja chini, akimeza vumbi. Miezi yote ile ya kubisha hodi kwenye milango isiyofunguka. Siku gari lenyewe limeingia mkononi, anaambiwa aliache.

Alitukana. Tusi moja tu, refu.

"Nimesikia," Mkuu wa Kituo alisema redioni.

"Nilitaka usikie, Mkuu."

*

Ofisini hakuna aliyemjua kwa jina jingine. Alikuwa Shoka tangu mafunzoni, kwa namna alivyovunja mlango wa kwanza aliopewa kuuvunja. Wenzake walikuwa wakifuatilia bunduki na dhahabu.

Yeye alipewa matiti.

Walimcheka kwenye korido. Waliiita kesi ya maziwa. Kila alipoingia kwenye lifti palikuwa na mtu wa kuuliza kama leo ni ya mgando au ya moto.

Ukweli wa kesi ulikuwa hivi. Kuna mifuko ya silikoni ambayo madaktari huwapandikizia wanawake kifuani, wengi wao wakiwa wale waliokatwa titi kwa sababu ya saratani. Mingine huvikwa ganda la sponji laini. Na kuna mgeni mmoja aliyekuwa akiingiza ya magendo kwa miaka, akiiuza kwenye zahanati binafsi. Wapelelezi walimpa jina la Kola, kwa sababu kola za mashati yake zilipigwa wanga zikasimama kama kadibodi. Sasa alikuwa amepanda daraja. Kesho asubuhi angekabidhi shehena nzima kwa hospitali kuu, bure, mbele ya kamera.

"Nani amekufa?" Mkuu aliuliza. Alikuwa ameegemea kiti, miwani juu ya paji la uso.

"Hakuna aliyekufa haraka, Mkuu. Hapo ndipo penye hila. Mwanamke anawekewa leo, anapona, anashukuru. Miaka inapita. Siku moja kifua kinavimba. Nani anakumbuka aliwekewa nini, na nani?"

"Hayo ni malalamiko. Kesi ni kitu kingine."

"Kesi itakuwa kesi mpaka wazikwe?"

Mkuu aliishusha miwani. "Usinipandishie sauti. Waziri mwenyewe atakata utepe. Niletee kitu, Shoka. Kitu nitakachokiweka mezani pake akakosa la kusema. Hadithi ninazo za kutosha."

"Kitu kipo. Daktari wa hospitali kuu amekitoa kifuani mwa wifi yangu. Kiko kwenye chupa, maabara."

Mkuu alimtazama kidogo. Hakuwa anajua habari za wifi.

"Kilete," alisema.

*

Chupa haikuwapo.

Rafu ya maabara ilikuwa na chupa pande zote, na katikati duara kavu pasipokuwa na vumbi. Daktari mpasuaji, mtu mrefu mwenye mabega ya kuinama, alilitazama duara lile kana kwamba chupa ingerudi kwa haya.

"Ilikuwa hapa asubuhi. Msaidizi anasema amekuja bwana mmoja kuchukua taka za kuteketezwa. Mtanashati. Shati limenyooka."

"Kola imesimama?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

 Shoka alikuwa ameshaanza kukimbia. Walishuka ngazi wote wawili, wakazunguka nyuma ya jiko la hospitali mpaka kwenye tanuri la taka. Mtunza tanuri alikuwa anafagia. Bomba lilikuwa likitoa moshi mwembamba wa mwisho.

Shoka aliipiga ndoo teke. Ikaviringika mpaka ukutani, ikagonga, ikarudi miguuni kwake.

"Dada, tulia," Daktari alisema.

"Nimetulia tangu mwezi wa kwanza. Wizara wananituma kwa Forodha, Forodha wananituma kwa watu wa viwango, watu wa viwango wananirudisha Wizara. Napigwa danadana kama mpira wa makaratasi. Hebu niambie kwa lugha ya mtu wa kawaida. Uliona nini kwenye kile kitu?"

Daktari aliketi kwenye ukingo wa saruji.

"Kwanza usilichukie ganda la sponji bure. Mwili ukiingiziwa kitu kigeni hukizungushia kovu. Kovu likijikaza, titi linakuwa gumu kama ngumi. Sponji inashikana na nyama, kovu linakosa pa kujikazia. Yale yaliyotengenezwa vizuri yamewasaidia wengi."

"Lakini?"

"Lakini hata hayo yanataka kuangaliwa miaka mingi. Wengine ngozi inawawasha mwanzoni. Wengine maji yanajaa baadaye, mtu ameshasahau. Na mara chache sana, kwenye kovu lenyewe, inatokea saratani ya chembe za kinga. Chache, nasisitiza. Ikiwahiwa, unalitoa kovu lote na mtu anapona. Ila kuiwahi kunataka mtu anayefuatilia." Alisugua macho. "Cha wifi yako ganda lilikuwa limemeguka kama godoro la mwanafunzi. Nilikaa saa nzima nikiokota vipande kwenye nyama. Ile haikuwa sponji ya hospitali."

"Na maji yaliyojaa kifuani mwake?"

"Nimeyapeleka kupimwa. Majibu bado."

"Nawe kesho unapasua, uweke hiyo ya msaada?"

"Kesho ninapasua. Nilipokataa nikaulizwa ushahidi uko wapi. Nikasema uko kwenye chupa."

Wote wawili waliutazama moshi.

*

Wifi alikuwa kitandani, ameegemea mito miwili, kanga imefunika bandeji. Alikuwa mke wa kaka yake Shoka, mwanamke wa maneno mengi, na leo maneno yalikuwa yamepungua kidogo tu.

"Uso huo umeutoa wapi, wifi?" aliuliza. "Kama ni wangu, nirudishie. Mimi ndiye mgonjwa."

"Nimekipoteza kile kitu. Kimechomwa."

"Kimekwenda chenyewe motoni? Afadhali. Kilinisumbua vya kutosha." Alijaribu kucheka, akashika ubavu. "Unajua nilikwenda mara ngapi kwenye ile zahanati walikoniwekea? Nikasema kifua kinavimba. Wakasema umri. Nikasema kinauma. Wakasema mawazo. Mara ya mwisho yule mhudumu akaniuliza kama nina ugomvi na mume wangu. Nikamwambia sina, ila nikitoka hapa nitautafuta."

Shoka alicheka bila kupenda.

"Kaka yako anakaa hapo kwenye kiti usiku anasema niko sawa. Nikimtazama, macho mekundu." Wifi alinyoosha kanga. "Nilikatwa titi, sikutaka urembo mimi. Nilitaka shati likae. Nivae nguo nitoke, nisiwe wa kutazamwa. Kosa langu ni nini hapo?"

"Huna kosa."

"Basi mbona wote wanaongea na mimi kama nina kosa?"

Shoka alimshika mkono.  Saa ya Casio mkononi mwa Shoka ilitetemeka. Nukta nyekundu kwenye kioo chake ilikuwa imesimama: kidude cha sumaku kilikuwa kimetulia mahali, nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Magodoro.

"Nenda," wifi alisema. "Ukikaa hapa na huo uso utaniharibia presha."

*

Asubuhi ilipopambazuka Shoka alikuwa juu ya paa la kiwanda, amelala kifudifudi, darubini ya Nikon jichoni. Alikuwa amekesha akilinda geti. Kwenye kifungo cha pili cha shati palikuwa na kamera ndogo iliyorusha picha moja kwa moja hadi kwenye meza ya Mkuu.

Alipitia dirisha la hewa, akashuka kwa kamba.

Ndani kulinukia gundi. Mapande ya sponji yalipangwa mpaka darini kama maghorofa. Katikati, chini ya taa nyeupe, palikuwa na meza ndefu, na watu waliovaa aproni walikuwa kazini. Mmoja alimenya mifuko ya silikoni, akiyatoa maganda ya zamani kama anayemenya viazi. Wa pili aliipangusa kwa kitambaa. Wa tatu aliikwaruza kwa tupa kwenye kitako, penye namba ya kiwanda. Wa nne aliipaka gundi ya viatu na kuivika sponji ya godoro. Mwishoni palikuwa na mashine ya kufungia paketi mpya zinazong'aa.

Ilikuwa mifuko iliyokataliwa huko ilikotoka. Ilitakiwa kuharibiwa. Hapa ilikuwa inavalishwa upya kama maiti.

"Kituo, hapa Shoka. Unaona?"

Redio ilikoroma.

"Naona duara, Shoka. Linazunguka. Mtandao hauko vizuri."

"Mkuu, niko ndani."

"Nami niko mbele ya duara. Subiri."

Alifumba macho. Akayafumbua. Hakusubiri. Alinyata mpaka mwisho wa meza, akanyakua mfuko mmoja ambao gundi yake ilikuwa bado mbichi, akautia ndani ya jaketi.

"Dada," sauti ilisema nyuma yake. "Hicho hakijakauka."

Kola alikuwa amesimama kando ya mashine ya kukatia sponji. Suti ya kijivu. Shati jeupe. Bastola aina ya Beretta, imeshikwa kivivu. Wenye aproni walirudi nyuma mpaka ukutani. Walinzi wawili wakatokea kushoto.

"Umenisumbua," alisema kwa Kiswahili safi. "Sikuelewa kwa nini. Hawa wanawake wanafurahi. Nimewahi kupewa maua."

"Wakivimba hupewi maua."

"Wakivimba mimi sipo. Unajua kwa nini nilichagua hospitali yenu? Mshono ukipona, mgonjwa anapotea. Hakuna anayempigia simu. Baada ya miaka michache nitasema: tumewawekea wanawake wote wale na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Nitauza kwa kauli hiyo dunia nzima. Siiti wizi. Naita utafiti."

"Kituo," Shoka alinong'ona.

"Linazunguka," Mkuu alisema sikioni.

Kola aliinua bastola.

Shoka alijitupa pembeni. Risasi ya kwanza iliingia kwenye pande la sponji ikamezwa bila mlio. Ya pili ilipita juu ya sikio. Aliweka bega kwenye ghorofa la sponji lililokuwa karibu, akasukuma kwa miguu yote. Likainama polepole. Halafu likaanguka lote, likaangusha la pili, la pili likaangusha la tatu. Walinzi walizama. Mkono mmoja ulibaki nje ukipapasa hewa.

Alichomoa Glock 19. Kola hakuwapo.

Nje, Land Cruiser ilinguruma na kutoka getini. Mapande yalikuwa yameziba mlango, na Shoka alipojichimbua saa nzima baadaye, gari jeupe la msaada nalo halikuwapo tena. Lilikuwa limeshapeleka mzigo.

*

"Daktari hapokei simu," Shoka alisema, Yamaha ikipita katikati ya magari mawili. "Mkuu, piga hospitali. Wasimamishe."

"Nimepiga. Nimeambiwa nisubiri kwenye laini. Wananipigia muziki."

"Mkuu."

"Najua, Shoka. Najua."

Kwa mara ya kwanza sauti ya Mkuu ilikuwa na ule uchungu anaoujua Shoka mwenyewe.

Utepe ulikuwa umeshakatwa. Vipande vyake vilikuwa sakafuni mlangoni pa hospitali. Waziri ameondoka. Kwenye korido ya upasuaji wanawake waliovaa gauni za kijani walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu zao. Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango. Wa kwanza alikuwa ndani.

Mlinzi alinyoosha mkono. "Bila gauni huingii."

Shoka alivua jaketi, akabaki na mfuko wa silikoni mkononi, akavuta gauni kwenye msumari, akalivaa akikimbia.

Ndani kulikuwa na ubaridi na ukimya. Mgonjwa amelala usingizi wa dawa, kifua kimefunguliwa upande mmoja. Daktari alikuwa na kipandikizi mkononi, paketi yake mpya imetupwa kwenye sinia.

"Daktari, usikiweke."

"Dada, hapa ni ndani ya—"

"Simsogelei mgonjwa. Nasimama hapa hapa mlangoni. Chukua koleo lako, vuta ganda."

Daktari alimtazama juu ya barakoa. Kisha akachukua koleo dogo, akabana ukingo wa sponji, akavuta.

Ganda lilibanduka lote, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa.

Nesi aliinama. "Gundi ya viatu," alisema taratibu.

Daktari akakigeuza. Kwenye kitako, chini ya namba mpya, mikwaruzo ya tupa ilionekana wazi. Shoka akainua ule wake, nusu uchi, gundi inavuta nyuzi.

 Mashine ya moyo iliendelea kulia pip, pip.

"Hatuweki," Daktari alisema. Akakitupa kwenye sinia. "Nipeni uzi. Tunamfunga."

*

Kola alikuwa mwisho wa korido, akizungumza na mwandishi wa habari. Alimwona Shoka akitoka. Alitabasamu kwa mwandishi, akaomba radhi, akaanza kutembea. Alipofika ngazini akaanza kukimbia.

Shoka hakumfuata ngazini. Alivuta machela tupu iliyokuwa ukutani, akaisukuma kwenye njia ya mteremko wa wagonjwa, akaipanda kwa tumbo. Magurudumu yalipiga kelele. Ikashuka kona ya kwanza, ikagonga ukuta, ikashuka ya pili. Kola alitokea chini mkono ukiwa ndani ya koti.

Machela ilimkuta kiunoni.

Beretta iliteleza mpaka chini ya benchi. Goti la Shoka lilikuwa mgongoni mwake kabla hajapata pumzi. Pingu moja mkononi, nyingine kwenye chuma cha machela.

"Huna kesi," Kola alisema, shavu sakafuni. Kola ya shati ilikuwa imekunjika. "Una nini? Wanawake wenye malalamiko."

Redio ilikoroma.

"Shoka, hapa Kituo. Picha imefunguka. Nimeona yote, na sauti nimesikia. Una ruhusa kamili ya kumkamata."

"Asante, Mkuu. Yuko hapa. Nimemfunga kwenye machela."

Redio ilikoroma tena.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu duara lako linazunguka."

*

Watu wa Kituo walikuja wakamchukua Kola na maboksi yake. Waandishi waliwakimbilia. Shoka alipanda tena ghorofani kuchukua jaketi lake.

Wanawake walikuwa bado kwenye benchi. Mmoja, mtu mzima kuliko wote, alisimama akishika gauni lisifunguke nyuma.

"Wewe ndiye uliyetukatiza?"

"Ndiyo, mama."

"Nimeingoja siku hii kwa muda gani, unajua? Nimemwambia binti yangu leo narudi nikiwa kamili. Amefua mashuka. Halafu unatoka huko unaniambia nini?"

Shoka alimwonyesha kipande cha ganda. Mwanamke alikichukua, akakisugua kwa vidole. Kilimeguka, chembe za manjano zikabaki kwenye kiganja chake. Akazitazama kwa muda.

"Hii ndiyo ingekaa ndani yangu?"

"Hiyo."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Leo urudi nyumbani kama ulivyo. Daktari anasema ataagiza ya halali. Lini, sijui."

"Hilo si jibu, mwanangu."

"Si jibu, mama. Ndilo nililo nalo."

Mwanamke alikaa. Alikuwa na hasira na hakujaribu kuificha, na Shoka hakumlaumu.

"Na waliokwisha kuwekewa?" mwanamke akauliza. "Wa huko nyuma. Nani amewaambia?"

Simu ya Shoka ililia. Alikuwa wifi.

"Majibu ya maji yametoka," alisema, na pumzi ikamkatika katikati. "Hakuna saratani. Daktari amekuja mwenyewe, bado ana damu kwenye viatu. Ila niangaliwe mwaka hadi mwaka, maisha yangu yote, kwa sababu ya vile vipande. Maisha yote, wifi. Nitachoka."

Shoka aliegemea ukuta. Kwa muda alikuwa mtu tu, wifi wa mtu.

"Tutachoka wote," alisema. "Mwambie kaka alale."

Alikata simu, akavaa jaketi. Redio ikakoroma tena.

"Shoka, kazi nzuri. Kesi imefungwa. Njoo ofisini, kuna ya dhahabu inakusubiri. Wenzako wanataka kukupongeza."

"Mkuu, ile zahanati alikowekewa wifi yangu, nani anaisimamia?"

"Hiyo haimo kwenye kesi. Kesi ilikuwa Kola. Umenisikia? Rudi."

"Nimesikia."

Alizima redio. Alipita katikati ya waandishi bila yeyote kumgeukia, akavaa kofia, akawasha Yamaha. Kulia ilikuwa njia ya kwenda ofisini.

Akakata kushoto, kuelekea kwenye zahanati.